Mkono Ulioshika Mizani: Unyonyaji na Siasa za Mrengo wa Kushoto katika Masasi na Newala

Juu ya Uwanda wa Makonde, kusini-mashariki mwa Tanzania, ambako ardhi ya kichanga hunywa mvua yote na kuwalazimu wakazi kuteremka mabondeni kutafuta maji, mashamba makubwa ya walowezi hayakuenea kama yalivyoenea Tanga au Kilimanjaro, na kaya iliyolima kwa jembe la mkono ilibaki kuwa msingi wa uzalishaji. Kwa sababu hiyo unyonyaji, yaani hali ya watu wa tabaka moja kujipatia matunda ya jasho la tabaka jingine pasipo malipo yanayolingana nalo, ulipitia kidogo katika mshahara na zaidi katika kodi, deni, bei na kipimo. Jambo hili ndilo linaloeleza kwa nini siasa za mrengo wa kushoto, zilizoahidi kumkomboa mnyonge wa Masasi na Newala, zilifaulu kumwondoa mnyonyaji aliyejulikana kwa sura na jina, lakini zikakwama kila zilipofika mbele ya mizani.

Mizizi ya hali hiyo ilitangulia ukoloni. Katika karne ya 19 Masasi ilikuwa kwenye njia za misafara iliyotoka pande za Ziwa Nyasa kwenda bandari za kusini ikibeba pembe za ndovu na watumwa, na ni hapo ambapo Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alianzisha mwaka 1876 makazi ya watu waliokombolewa utumwani. Watu wa uwandani, kwa upande wao, waligema mpira wa porini na kuupeleka pwani, wakaingia katika soko la dunia kupitia mkono wa mchuuzi. Wajerumani walipoweka kodi ya nyumba mwishoni mwa miaka ya 1890, fedha taslimu ikawa sharti la kuishi kwa amani, na kodi hiyo pamoja na kazi za kulazimishwa zilikuwa miongoni mwa machungu yaliyolipuka katika vita vya Maji Maji, ambavyo mwaka 1905 vilifika Masasi na kuiteketeza misheni.

Chini ya Waingereza mlipa kodi alikuwa na njia mbili kuu za kuipata fedha hiyo. Ya kwanza ilikuwa kwenda kwenye mkonge wa Lindi, Mikindani au Tanga, ambako aliyeandikishwa kwa mkataba na kusafirishwa mbali aliitwa manamba, neno lililotokana na namba aliyopewa, na ambako wengine walifanya kazi kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 iliyotiwa alama kila kazi ya siku ilipokamilika, hata ikawa siku ambayo kazi haikumalizika haihesabiwi. Wengi waliopita njia hiyo walikuwa Wamakonde wa Msumbiji, walioitwa Wamawia, ambao waliuvuka Mto Ruvuma wakikimbia kazi za shuruti za Wareno. Njia ya pili ilikuwa kubaki nyumbani na kuuza mazao, nayo ndiyo iliyopendwa zaidi na wenyeji wa Newala waliokuwa na ardhi yao.

Vyama vya wafanyakazi vilijengwa juu ya njia ya kwanza, ile ya mshahara. Mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam wa mwaka 1947, uliosambaa kwa kufuata reli, na kuundwa kwa shirikisho la vyama hivyo, TFL, mwaka 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake, vilimpa mtu wa mshahara sauti ambayo hakuwa nayo kabla. Hata hivyo chama kilimtambua mwanachama kwa mwajiri wake, na mkulima wa Newala hakuwa na lango la kampuni ambalo angesimama mbele yake na kugoma. Sauti yenyewe haikudumu, kwani baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 TFL ilivunjwa na mahali pake pakawekwa chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais.

Mkorosho, mti wenye asili ya Brazili ulioletwa Afrika Mashariki na Wareno, ulienea uwandani hasa tangu miaka ya 1940, na kalenda yake ndiyo iliyoufungulia unyonyaji mlango mpya. Korosho huokotwa kuanzia Septemba au Oktoba hadi mwisho wa mwaka, ilhali njaa hubisha hodi kati ya Januari na Machi, wakati ghala limebaki tupu na mahindi mapya hayajakomaa, na ni katika miezi hiyo hiyo ambapo palizi haingoji. Mwenye miti mingi humwita mwenye miti michache kufanya kibarua, neno ambalo asili yake ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa. Naye, akipalilia shamba la mwenzake ili watoto wapate chakula cha jioni, huliacha lake likimezwa na majani. Mwajiri na mwajiriwa walikuwa majirani, mara nyingine ndugu wa ukoo mmoja, na wote wawili walipeleka magunia yao kwenye mizani ile ile.

Lugha yenyewe imeihifadhi historia hii. Neno bepari, ambalo waandishi wa siasa walilitumia kumtaja mwenye mtaji, limetokana na neno la Kigujarati lenye maana ya mfanyabiashara, kwa hiyo katika Kiswahili ubepari ulijulikana dukani kabla ya kujulikana kiwandani. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa, mnyonyaji alipofananishwa na kupe na wananchi wakahimizwa kukata mirija yake, mkulima wa korosho hakuhitaji kufasiriwa maneno hayo. Mchuuzi aliondolewa, na ununuzi ukawekwa mikononi mwa ushirika na mashirika ya umma. Lakini mnunuzi sasa alikuwa mmoja, aliyepanga bei peke yake, na katika miaka ya 1970 sehemu ya bei ya soko la nje iliyomfikia mkulima ilizidi kupungua kadiri gharama za mashirika zilivyopanda. Vyama vya ushirika, ambavyo vingeweza kumsemea, vilivunjwa na serikali mwaka 1976. Kabla ya hapo, Septemba 1969, chama tawala, TANU, kilikuwa kimeivunja RDA, jumuiya ya vijiji vya ujamaa vya mkoa wa Ruvuma kama Litowa, ambako wanavijiji walikuwa wakijiamulia wenyewe mambo ya shamba na mapato. Ujamaa uliomwogopa mkulima mwenye kauli ulikuwa umejinyima mtetezi wake wa kweli.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliokemea viongozi wenye kiburi, ulitumiwa na wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam kuhalalisha migomo yao. Uwandani mgomo ulikuwa na sura nyingine. Operesheni ya vijiji, ambayo katika mkoa wa Mtwara ilianza mapema kuliko mikoa mingi, kwa sehemu kwa sababu ya vita vya ukombozi ng'ambo ya Ruvuma, iliwahamishia watu katika vijiji vya pamoja na kuiacha mikorosho yao kwenye mahame, yaani mahali palipohamwa. Na kwa kuwa bei haikulipa jasho la kwenda mbali kupalilia, wengi waliacha kwenda. Ugonjwa wa ubwiriunga, ukungu mweupe unaokausha maua, ulikamilisha hasara hiyo. Mavuno ya nchi, yaliyofikia kiasi cha tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, yalishuka chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87, wakati ambapo viwanda vilivyojengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia, vikiwemo vya Masasi na Newala, vilikuwa tayari vimesimama vikingoja korosho. Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Masasi aliyewahi kuhariri magazeti ya TANU, ndiye aliyekuwa Rais viwanda hivyo vilipobinafsishwa, na vingi vikageuka maghala.

Mahali ambapo kazi ya kubangua imeendelea, mfanyakazi wake kwa kawaida ni mwanamke anayelipwa kwa uzito wa punje alizotoa, vidole vyake vikiwa vimepakwa majivu ili mafuta ya ganda yasimchome. Huyu ni mfanyakazi kwa kila maana, lakini kibarua chake hudumu kadiri korosho ghafi zinavyobaki nchini, na sehemu kubwa ya korosho hizo husafirishwa na maganda yake kwenda kubanguliwa India na Vietnam.

Vijijini mchuuzi amerudi kwa jina la kangomba, biashara iliyopata jina kutokana na chombo cha kupimia ambacho huhesabiwa kuwa kilo moja ilhali hubeba zaidi, na ambayo humpa mwenye njaa fedha au chakula mapema kwa kuweka rehani korosho ambazo bado ni maua. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/08, ulikusudiwa kumfikisha mkulima kwenye mnada kupitia chama chake cha msingi, na Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba waliutumia kwa ujasiri walipozikataa bei za wanunuzi. Novemba ya mwaka huo Rais John Magufuli aliamuru serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likatumwa kuzisomba, na wauzaji wakahakikiwa ili wafanyabiashara wa kangomba wasilipwe. Kwa mara nyingine dola ilimwandama mnyonyaji aliyeonekana. Wakulima wengi walisubiri malipo kwa miezi, na ile njaa iliyowapeleka kwa kangomba ikarejea Januari kama ilivyozoea.

Katika miaka yote hiyo mizani ilipita kutoka mkono wa mchuuzi kwenda kwa mashirika ya umma, kwa mnada na kwa dola, na kila mshikaji mpya alisema anamtetea mkulima. Utetezi wa wanyonge wa uwanda huu utapimwa katika miezi ya palizi, pale mwenye miti michache atakapoweza kushinda shambani kwake mwenyewe, nyumbani kukiwa na chakula, na korosho za msimu ujao zikiwa bado ni mali yake.