Mkiani mwa Mfereji

Baada ya uhuru wa 1963, walowezi wengi wa pande za Naro Moru na Laikipia waliuza ranchi zao, nazo kampuni za kununua ardhi zikazikatakata kwa wenye hisa. Marehemu baba alipata kipande mkiani mwa mfereji. Vigingi vilipigwa, kamba zikavutwa. Maji hayakupimiwa mtu. Kibali kilikuwa kimoja, cha shamba moja na mifugo yake, ilhali sasa tulikuwa mamia. Wazee wakaniita mimi, mwalimu wao, niwasomee karatasi hiyo ya Kiingereza. Niliisoma mara mbili. Jina lililokuwamo lilikuwa la mzungu aliyekwisha kwenda kwao. (Nami ndiye niliyekuja kuwafundisha walimu hesabu za kugawanya!)

Kiangazi kilipokaza, watu wa juu waliziba mfereji kwa magunia ya mchanga, wapate kumwagilia viazi. Baba alikwenda usiku kuyaondoa, akamkuta pale rika lake, aliyetahiriwa naye mwaka mmoja. Hawakupigana. Walitamkiana maneno tu, lakini maneno yale!

Sheria ya Maji ya 2002 ilipotambua vyama vya watumiaji maji, zamu ziliandikwa daftarini. Yetu ikawa Alhamisi. Wazee wale wawili walikuwa wamekwisha kufa, bila kusemezana.