Siku Tatu Nairobi Nikimtafuta Otenyo

Mnaonifuata tangu zile video za soko la Daraja Mbili mnajua mimi ni mtu wa miguu. Basi majuzi nilishuka River Road, nikaapa siku tatu sipandi matatu yoyote ndani ya jiji. Swali langu lilikuwa moja: katika mji mkuu wa nchi hii, sisi Abagusii tumewekwa wapi?

Simaanishi walio hai, hao wako kila kona. Nasema historia, ile ya kusimamishwa juu ya jiwe.

Siku ya kwanza nilianza na Dedan Kimathi, bunduki mkononi, kwenye barabara yenye jina lake. Amesimama hapo tangu 2007. Kutoka hapo si mbali hadi kwa Tom Mboya, jirani yetu wa ziwani, karibu na mahali alipopigwa risasi 1969. Sawa kabisa, wanastahili. Lakini Otenyo je?

Kama humjui sikulaumu. Mimi mwenyewe shuleni nilifundishwa Koitalel na Mekatilili. Otenyo nilimsikia kwa babu, jioni, tukingoja chakula. Januari 1908, Otenyo Nyamaterere wa Kitutu alimvizia afisa Mwingereza, Geoffry Northcote, akamchoma mkuki mgongoni. Aliyemtia moyo ni Moraa wa Ng'iti, nabii, mwanamke aliyewaambia wanaume waziwazi kwamba wamekuwa waoga. Northcote hakufa. Wanajeshi wa King's African Rifles wakaletwa, wakachoma nyumba, wakachukua ng'ombe kwa maelfu, wakaua watu wengi hadi Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, akaandika kulalamika kwamba mauaji yamezidi. Churchill, jamani! Otenyo alikamatwa akauawa. Wazee husimulia kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na hadi leo kinangojwa.

Na Northcote? Alipanda cheo hadi akawa gavana wa Hong Kong mwaka 1937, na huko chuo cha walimu kikaitwa kwa jina lake. Aliyechomwa mkuki akapewa chuo. Aliyeuchoma, nimetembea mpaka viatu vikalia, sikumwona.

Siku ya pili sina mengi. Mvua. Niliingia kwenye jumba la nyaraka za taifa, lile lililokuwa benki, nikaangalia vinyago alivyokusanya Joseph Murumbi, kisha nikakimbilia City Market. Hapo ndipo tuko kwa wingi! Viboko, sahani, chesi, vyote mawe ya sabuni ya Tabaka. Mwenye kibanda alinitajia bei ya mtalii. Nilipomjibu kwa Ekegusii akacheka, bei ikashuka nusu.

Siku ya tatu nikafika Kenyatta Avenue, kwa wale watu watatu wa shaba waliowekwa 1928 kukumbuka vita vya kwanza vya dunia. Nimewapita mara ngapi kwa matatu bila kuangalia? Wawili ni askari. Mmoja hana bunduki: ni mbebaji wa mizigo, wa lile jeshi la Carrier Corps lililoacha jina la Kariokor. Vita hivyo vilifika kwetu mapema. Septemba 1914 Wajerumani walipigana na Waingereza pale pale Kisii mjini, na baadaye vijana wetu wengi wakachukuliwa kubeba. Wengi hawakurudi, njaa na kuhara viliua kuliko risasi.

Sidai mtu ang'olewe. Nadai Otenyo na Moraa wasimamishwe, na waanze Kisii mjini kabla hatujaililia Nairobi, maana tukiwangoja wengine watukumbuke tutangoja sana.

Nilimuuliza kijana mmoja aliyekuwa amejikinga jua pale hao watatu ni akina nani. "Hao? Si ni maaskari tu."

Picha nimeweka hapo chini. Yule asiye na bunduki, mimi namwita babu.