Sanduku la Funguo Tatu

Kikundi chetu hukutana Jumatano. Ijumaa ni ya Waislamu, Jumamosi ni ya Wasabato, Jumapili ni ya Walutheri, na Myamba ina wote hao, wakati mwingine ndani ya ukoo mmoja. Jumatano haina mwenyewe. Ikifika saa tisa alasiri watu huanza kuingia uani kwa mama mkubwa wangu, wengine udongo wa shamba la tangawizi ungali miguuni, na kila mmoja hukaa kwa kufuata namba yake. Mimi ni namba 23.

Nilijiunga mwaka niliorudi kutoka chuo. Nilikuwa nimetuma maombi ya kazi hadi nikaacha kuyahesabu, kodi ya chumba mjini ikanishinda, nikapanda gari la kurudi milimani na begi moja na cheti kwenye bahasha. Mama mkubwa alinipa wiki mbili za kulala na kula makande. Wiki ya tatu akaniambia, "Mwanangu, kukaa hapa ukiitazama mbuga ya Mkomazi hakuna anayekulipa. Jumatano uje na elfu mbili." Elfu mbili ilikuwa bei ya hisa moja.

Nakiri kwamba nilikwenda nikijiona mimi ndiye msaada uliokuwa ukisubiriwa. Wanachama walikuwa vibarua wa mashamba, wauza mboga, wajane wawili, fundi viatu mmoja na mama anayekaanga maandazi karibu na shule. Katika watu wale, nilidhani, ukatibu utanifuata wenyewe. Wakanipa namba, wakanionyesha mahali pa kukaa, nyuma kabisa, na kikao kikaendelea.

Sanduku letu ni la bati, lina makufuli matatu. Funguo hushikwa na watu watatu wasio viongozi na wasio wa nyumba moja. Sanduku lenyewe hulala kwa mtu wa nne. Hela haiingii wala haitoki bila kuhesabiwa mara mbili kwa sauti. Na kabla ya kufunguliwa, mwenyekiti hutaja namba yoyote inayomjia mdomoni: "Namba saba, wiki iliyopita tulifunga na shilingi ngapi?" Namba saba asipokumbuka, anatoa faini ya mia tano. Kikao changu cha pili, namba iliyotajwa ilikuwa 23. Sikukumbuka. Mama wa maandazi, aliyeishia darasa la nne, akataja kiasi kile hadi mia ya mwisho huku akifunga kanga yake vizuri.

Wahenga wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Madaftari yapo, lakini kikundi kinaamini zaidi vichwa, na jambo hilo lina asili yake. Mtindo huu ulianza Niger mwaka 1991, katika eneo la Maradi, ambako shirika la CARE lilifanya kazi na wanawake waliokuwa na upatu wao wa siku nyingi. Badala ya fungu lote kumwendea mtu mmoja kwa zamu, waliliacha sandukuni likopeshwe na kuongezeka. Wengi wao hawakujua kusoma, kwa hiyo hesabu zikawekwa kwenye kumbukumbu za watu wote. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtindo huo uliingia Zanzibar, kwenye vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, kisha ukaenea Tanzania bara kwa jina la VICOBA. Asiyejua kusoma akiijua hesabu, katibu hawezi kumdanganya. Hata katibu mwenye shahada.

Mwezi wa tatu nikaamua kuwafaa. Nilipata habari za mfadhili mmoja anayetoa fedha kwa vikundi vya vijijini, nikakesha siku mbili nikiandika andiko la mradi. Jumatano nikaomba nafasi, nikasimama, nikawasomea. Nilikuwa nimeandika kwamba kikundi kinaundwa na kaya maskini zisizo na uwezo, zenye uelewa mdogo wa masuala ya fedha, zinazohitaji kujengewa mwamko. Nilipomaliza, uani kukawa kimya kiasi cha kusikia kuku.

Namba nne ndiye aliyevunja kimya. Ni bibi aliyepita miaka themanini, anatembea na fimbo, na hisa zake ni moja moja kila wiki, hajawahi kuruka. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mjukuu wangu, nani kakupimia uwezo wetu?" Nikaanza kueleza kwamba wafadhili ndivyo wanavyotaka. Akanikatiza: "Baba yangu alilala Same nje, kwenye baridi, kwa ajili ya kupimwa hivyo hivyo."

Sikumwelewa. Shule nilisoma Vita vya Majimaji, nikasoma TANU na Uhuru, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba watu wa milima hii waliwahi kulala nje Same. Ilinibidi nimwulize mama mkubwa, kisha nitafute kitabu kidogo cha Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyetoka hapa hapa Upare, kilichotolewa mwaka 1971. Kinaitwa kwa jina la jambo lenyewe: *Mbiru*.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, utawala wa Kiingereza na machifu wa Upare walileta kodi mpya juu ya ile ya kichwa iliyokuwa sawa kwa kila mwanamume. Hii mpya, iliyojulikana kama mbiru, ilitofautiana kati ya mtu na mtu kulingana na mali. Kwenye karatasi ilionekana ya haki: mwenye nacho atoe zaidi. Lakini ili kumkadiria mtu ilibidi watu wapite nyumba kwa nyumba wakitazama ng'ombe, mbuzi, shamba na kahawa, kisha waamue yeye ni wa kiasi gani. Waliopita walikuwa watu wa upande wa machifu, na mkadiriwa hakuwa na pa kuihoji hesabu yake.

Wapare wakakataa. Walichokataa ni kukadiriwa. Kulipa kodi iliyo sawa kwa wote walikuwa tayari. Upinzani ulianzia Usangi mwaka 1944 ukaenea milimani kote, na mapema mwaka 1945 maelfu ya wanaume walishuka hadi makao makuu ya wilaya Same, wakakaa. Hawakuchoma ofisi wala kumpiga mtu. Walikaa kwa wiki na wiki, wakipokezana, chakula kikitoka nyumbani. Mmoja wa viongozi wao, Paulo Kajiru Mashambo, anakumbukwa hadi leo na wanaoandika habari za mapambano yasiyo ya silaha barani Afrika.

Nyumbani walibaki wanawake na mashamba. Waume walipozidi kukawia, wanawake wa Usangi walimwendea ofisa wa wilaya na dai ambalo halikuwa na jibu katika vitabu vya serikali: ama awarudishie waume zao, ama yeye mwenyewe awe mume wao wote. Mwaka 1946 ukaundwa Umoja wa Wapare, na kufikia 1947 mbiru ilikuwa imeondolewa, watu wakirudi kwenye kodi ya kiwango kimoja.

Nchi nzima inatutania sisi Wapare kwa ubahili na kupenda kesi. Wanasema Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Nilikuwa nikicheka pamoja na wanaocheka. Baada ya kusoma habari za mbiru niliusikia utani huo tofauti: ni utani juu ya watu wanaotaka hesabu ielezwe mbele yao.

Tabia hiyo ni ya zamani kuliko Waingereza. Milima ya Upare ina ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji ya vijito usiku ili yafunguliwe asubuhi yaende mashambani kwa mifereji. Ndiva zilikuwa za koo, na maji yaligawiwa kwa zamu. Kusafisha ndiva na mfereji kulikuwa msaragambo, kazi ya wote. Asiyefika kwenye msaragambo zamu yake ya maji inatiliwa shaka. Sitaki kuipamba. Koo zilizotangulia zilipata maji ya kwanza, na mara nyingi mwanamke alifanya kazi katika mfereji usio wake. Lakini kila mkulima alijua zamu ni ya nani na kwa nini.

Kilichofuata baada ya Uhuru kinanifanya nielewe kwa nini wazee wetu huangalia kwa makini kila anayekuja na mpango mzuri. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisifu kujitegemea. Wakati huo kule Songea kulikuwa na vijiji 17 vilivyokwishaanza kujitegemea vyenyewe chini ya Chama cha Maendeleo Ruvuma, kuanzia Litowa, wakulima wakipanga kazi na mapato yao katika mikutano yao. Mwaka 1969 chama hicho kilipigwa marufuku, na mali zake zikachukuliwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima, kazi zao zikapewa mamlaka za mazao, hadi sheria ya mwaka 1982 iliporuhusu virudi. Ushirika ulikuwa na wezi wake, hilo halina ubishi. Lakini uamuzi wa kuuvunja haukupigiwa kura na wakulima. Nadhani ndiyo maana mwaka 1993, wakulima walipounda mtandao wao wa MVIWATA pale Morogoro, walichagua kaulimbiu isiyoacha nafasi ya wakili: mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe.

Yote hayo niliyasoma nikiwa na cheti changu, nikajiona sasa nimeelewa. Bado.

Msimu uliofuata mvua zilizidi, na tangawizi ya namba 11 ikaoza ardhini. Alikuwa amekopa 180,000 kununua mbegu na kulipa vibarua. Ile iliyosalimika aliiuza kwa mlanguzi aliyejaza gunia kwa lumbesa, likapanda juu ya mdomo wake kama kichuguu, akalipwa bei ya gunia moja. Jumatano akaja na 20,000 na kitambaa usoni. Katika kikundi chetu watu watano hudhaminiana. Mimi nilikuwa mmoja wa watano wake.

Nikasimama nikatoa hotuba. Nilisema habari za mshikamano, nikataja hata mbiru, nikamaliza kwa kuomba deni lisamehewe. Namba nne akasubiri nikae. "Umesema vizuri. Wewe unatoa ngapi?"

Nilikuwa na 40,000 nyumbani, niliyoiweka kwa ajili ya nauli ya usaili Dar es Salaam. Sikujibu. Akaendelea, akiwageukia wengine: hela ya sandukuni ni ya namba mbili anayesomesha, ya namba tisa mwenye mgonjwa, ya kila aliyekaa pale. Anayetaka kusamehe asamehe kwa mfuko wake.

Walijadiliana hadi jua likaanguka nyuma ya mlima. Walipomaliza, faini ya kuchelewa ilifutwa. Mfuko wa jamii ukampa 30,000 ya pole isiyorudishwa. Muda wa deni ukasogezwa miezi mitatu, nasi wadhamini wanne tukabeba rejesho la mwezi ule, 15,000 kila mmoja, yeye aturudishie taratibu. Jumatatu yake tukaenda msaragambo shambani kwake, kila mtu na kiganja cha mbegu ya tangawizi. Nililima nikiwa na hasira, kwa sababu ile elfu kumi na tano ilikuwa imekata safari yangu. Usaili ulipita bila mimi. Sijui kama ningeipata kazi.

Desemba tulipovunja sanduku na kugawana, namba 11 alikuwa bado anadaiwa 64,000. Ikakatwa kwenye hisa zake mbele yake, kwa sauti, mara mbili. Aliondoka bila fungu la sikukuu. Januari alikuwa wa kwanza kufika, akakaa kwenye namba yake.

Mwaka huo ndipo nilipopewa kazi ya kuandika. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi kama chetu visajiliwe, na fomu zinajazwa kwa mtandao, kwa hiyo wakahitaji mtu mwenye simu nzuri. Tulifika mahali pa kueleza kikundi. Vidole vyangu vikaanza kuandika neno "kaya", nikasimama, nikainua kichwa.

"Niandike nini?"

Wakaanza kunitajia. Tuko 27. Tunakutana Jumatano. Tunalima tangawizi, maharage na ndizi, tunauza mboga na maandazi, tunashona viatu. Mwaka huu tumekopeshana mara 31, hakuna mkopo uliopotea. Mama wa maandazi akataja salio hadi mia ya mwisho, nami nikaandika.

"Sasa tusomee," akasema namba nne.

Nikawasomea mara mbili.