Kamera za usalama katika mtandao uliogawanywa

Kamera za usalama katika mtandao uliogawanywa ni kamera za nyumbani zilizotengewa sehemu yao ya mtandao (VLAN), mbali na kompyuta na simu za familia. Ruta huruhusu simu kufungua picha za kamera, lakini huizuia kamera kuanzisha mawasiliano na kompyuta au intaneti.

Hatari ilionekana tarehe 21 Oktoba 2016: programu hasidi Mirai, iliyoteka kamera na vifaa vingine vyenye nywila za kiwandani, ilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kama Twitter zikakwama.

Kinachosahaulika mara nyingi ni saa. Kamera isiyofika intaneti huhitaji kupewa saa na ruta (NTP); vinginevyo video ya wizi inaweza kuonyesha muda usio sahihi.