Nilivyochagua Land Rover ya Uzeeni

Mwalimu anapostaafu hupewa vitu vitatu: barua ya shukrani, kiinua mgongo, na ushauri mwingi asiouomba. Nilipostaafu mwaka 2010 nikiwa mwalimu mkuu, nikarudi nyumbani Lugoba, wapo walionishauri nijenge vyumba vya kupangisha Chalinze. Wengine walisema ninunue mashine ya kusaga. Mimi nilitaka gari. Sikutaka gari la kutembea barabara kuu ya Chalinze hadi Segera, kwa maana barabara ile ina lami na mabasi hayakosekani. Nilitaka gari la kuacha lami na kuingia ndani, upande wa Miono, ambako nina shamba la ufuta na mahindi. Anayeijua njia ya huko wakati wa masika anaujua ule udongo mweusi: kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu, na mvua ikinyesha huganda kwenye magurudumu kama ugali kwenye mwiko.

Kwa hiyo nilitafuta gari lenye gea ya kuvuta magurudumu yote manne, na kwa mfuko wangu lazima liwe limekwisha tumika. Baada ya miezi michache nilikuwa na matatu ya kuchagua. La kwanza lilikuwa Land Rover 109 ya petroli, ile inayoitwa Series III, mali ya mzee mmoja Bagamoyo. La pili lilikuwa Land Rover 110 ya dizeli ya mwaka 1996, iliyouzwa baada ya mradi fulani kufungwa. La tatu lilikuwa Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ya mwaka 1992. Nitaeleza nilivyochagua, lakini kwanza nieleze ukoo wa magari haya, kwa sababu asiyeujua ukoo hununua jina tu.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma cha pua kilikuwa adimu, ndiyo maana kampuni ya Rover ikatengeneza bodi kwa alumini. Shida ile ikageuka sifa, kwani alumini haili kutu kama bati la kawaida. Lakini chasisi, yaani mifupa iliyo chini, ilibaki kuwa chuma. Msomaji ashike neno hilo, nitalirudia.

Mwaka 1958 likaja toleo la pili, na mwaka 1961, mwaka wetu wa Uhuru, likaja lile liitwalo IIA. Namba 88 na 109 ni urefu kwa inchi kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi la nyuma. Series III ilianza mwaka 1971. Wengi huitambua kwa uso wake, lakini dereva huitambua kwa mguu. Katika matoleo ya kabla yake, gea ya kwanza na ya pili hazikubali kuingia kwa upole hadi ukanyage klachi mara mbili. Katika Series III gea zote nne za mbele zikawa laini. Mwaka 1983 ikatoka 110, ambayo iliacha springi za vyuma bapa vilivyobebana na kuchukua koili. Mwaka 1990 familia hiyo ikapewa jina la Defender, na gari la mwisho la ukoo huo likatoka kiwandani Solihull Januari 2016.

Toyota nao walianza mapema. Gari lao la kwanza la namna hii lilitoka mwaka 1951 na jina la Land Cruiser likaja mwaka 1954. Mfululizo wa 40 ulianza mwaka 1960, na ule wa 70 mwaka 1984. Injini yao ya dizeli iitwayo 1HZ, yenye silinda sita na ukubwa wa lita 4.2, ilianza mwaka 1990, na hadi leo ukimtajia fundi jina hilo atatikisa kichwa kwa heshima.

Sasa turudi kwetu. Nilipokuwa mtoto, miaka ya 1950, Land Rover ilikuwa gari la Bwana Shauri. Tulisikia muungurumo kabla hatujaona vumbi. Watoto tulikimbilia barabarani, na baadhi ya watu wazima walikimbilia porini, hasa wale waliokuwa hawajalipa kodi ya kichwa. Baada ya Uhuru gari likabaki lile lile, ila aliyeketi mbele akawa mwenzetu. Gari hilo lilileta dawa, mitihani, mishahara na bwana shamba. Kwa watu wengi wa vijijini, Serikali ilikuwa na sura ya Land Rover.

Mimi mwenyewe nilisomea ualimu, nikafundisha, kisha mwaka 1978 nikarudi chuoni kama mkufunzi. Hiyo ilikuwa miaka ya Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyotokana na Azimio la Musoma la mwaka 1974. Walimu hawakutosha, kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu huko huko vijijini, wakifundisha huku wakisoma kwa posta na redio. Sisi wakufunzi tuliwafuata kuwakagua. Chuo kilikuwa na 109 moja. Tulikaa nyuma kwenye mabenchi yanayotazamana, magoti yakigongana, katikati yetu maboksi ya chaki na dumu la petroli. Vita vya Kagera vilikuwa vimeanza mwaka huo huo, mafuta yakawa ya shida, na ikafika wakati magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Vipuri navyo havikupatikana. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983.

Dereva wetu alikuwa mzee mpole ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini alinifundisha kama mwalimu yeyote. Alinifundisha klachi ya mara mbili. Alinifundisha kuwa shafti ya nyuma ya Land Rover ya zamani hukatika ukikurupuka matopeni, kwa hiyo ni heri kushuka ukate matawi kuliko kukanyaga mafuta kwa hasira. Na alikuwa na neno lake: "Mwalimu, gari halinunuliwi kwa kusimama. Linanunuliwa kwa kulala chini."

Ndiyo maana mwaka 2011, nilipoiona ile 109 ya Bagamoyo, moyo ulikwishanunua kabla ya macho kutazama. Harufu ya turubai, petroli na vumbi ilinirudisha miaka thelathini na zaidi nyuma. Mwenyewe aliniruhusu nilijaribu hadi nyumbani na kulirudisha kesho yake. Kijana wangu, ambaye ni fundi magari, alipoliona hakusema kitu. Ukimya wa mtoto mwenye adabu ni jibu pia.

Jioni hiyo nilipita kwa jirani yangu, bibi mmoja mtu mzima, ambaye kila nikitoka safari humsalimu. Nilipozima injini nilimwona amesimama mlangoni, mkono kwenye mwimo. Kwa kawaida hunijia hadi uani. Siku hiyo hakusogea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sauti ya gari hilo naijua."

Nilicheka, nikamwambia kila mtu wa rika letu anaijua. Yeye hakucheka. Akanikaribisha kwenye mkeka, akaanza kusimulia kiangazi cha mwaka 1974. Wakati huo alikuwa akiishi ndani, mbali na barabara, na mume wake, watoto na mama yake mzazi. Ikaja Land Rover yenye ofisa na mgambo. Wakaambiwa wahamie kijijini, na siku ikatajwa. Siku ilipofika paa lilishushwa. Mihogo ikabaki shambani. Mama yake, ambaye hakuweza kutembea, alipakiwa nyuma ya gari juu ya mikeka, na sauti ya gari hilo likipanda mlima kwa gea ndogo ndiyo bibi huyu aliyoisikia kila usiku kwa muda mrefu.

Historia ya jambo hili imeandikwa vitabuni. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini sasa ni amri, na ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wananchi wawe wamehamia. Mamilioni walihama. Nia ilikuwa shule, maji na zahanati vifike karibu na watu, na kwa upande wa shule nilishuhudia vikifika. Haya yote nimeyafundisha darasani. Jambo ambalo sikuwahi kulisema darasani ni hili: mwaka 1974 nilikuwa mwalimu kijana wa miaka ishirini na minne, na mara kadhaa nilipanda gari la namna ile nikiwa na daftari, kuandikisha watoto wa umri wa kwenda shule. Katika kumbukumbu zangu safari zile zilikuwa za furaha. Nilihesabu watoto. Sikuhesabu mapaa.

Bibi akasema, "Alikuwapo na mwalimu kijana, ana daftari."

Nilinyamaza. Ningeweza kusema walimu walikuwa wengi, na ingekuwa kweli. Nikasema, "Bibi, huenda nilikuwa mimi."

"Si huenda," akajibu. "Wanangu wawili walisoma kwa daftari lile. Mmoja ni muuguzi. Na mama yangu hakumaliza masika."

Hakusema kwa hasira. Aliyaweka mambo mawili hayo kando kando, kama mtu anavyoweka vikombe viwili mezani, wala hakuniambia nichukue kipi. Nilimwomba radhi. Akaniuliza kama nitakunywa chai. Tulipokuwa tunakunywa akaniuliza gari ni la nini. Nikamwambia la shamba. Akasema, "Nunua. Lakini nunua lile litakalomfikisha mgonjwa."

Asubuhi nilifanya nilichofunzwa na dereva wetu. Nilitandika gunia nikalala chini ya ile 109 na nyundo ndogo. Bodi ya alumini iling'aa kama sahani, lakini chasisi, ambayo kwa miaka mingi ilikaa kwenye hewa ya chumvi ya Bagamoyo, ilikuwa imeliwa. Chuma kizima ukikigonga hulia. Hiki kilitoa sauti ya kopo lenye maji, na karibu na springi ya nyuma nyundo ilizama. Wazee husema ya kale ni dhahabu. Ni kweli, lakini dhahabu nayo hupimwa. Nilirudisha gari kwa mwenyewe, nikamshukuru, nikamwonyesha tundu lile ili asije akamuumiza mtu bila kujua.

Land Cruiser ilikuwa bora ya zote tatu, nakiri. Injini ile ya 1HZ ilinguruma kwa utulivu, na vipuri vyake vilipatikana kwa urahisi. Lakini bei yake ingemeza kiinua mgongo chote, na gari lisilobakiza pesa ya mafuta ni pambo la uani.

Tukabaki na 110. Injini yake ni ile ya lita 2.5 iitwayo 300 Tdi, ambayo haina kompyuta ya kuiongoza kama ile ya Td5 iliyoifuata mwaka 1998, na kwa fundi wa kijijini hilo ni jambo kubwa. Udhaifu wake mmoja ni mkanda wa taimingi. Injini za zamani za Series zilikuwa na mnyororo. Hii ina mkanda wa mpira, na ukikatika njiani injini huharibika vibaya. Kijana wangu alisema, "Baba, nunua, lakini kabla haijavuka Chalinze tunabadilisha mkanda." Niligonga chasisi yake mwanzo hadi mwisho. Ililia. Nikanunua.

Gari hilo nilikaa nalo miaka minane. Lilibeba ufuta, mahindi, mabati ya shule, na mara mbili majeneza. Wagonjwa sikuwahesabu, ila namkumbuka wa kwanza: mama mjamzito, usiku wa Aprili, kutoka ndani hadi kituo cha afya cha Lugoba. Koili zilimpunguzia mitikisiko ambayo 109 isingempunguzia. Bibi jirani alikuwa nami usiku huo, amemshika mkono nyuma. Tulipokuwa tunapanda mlima kwa gea ndogo nilimsikia akimwambia, "Tulia mwanangu, hili linakupeleka, halikuhamishi."

Bibi alifariki mwaka 2017. Mwaka 2019 macho yangu yalikataa kuendesha usiku, nikaliuza gari. Siku hizi bodaboda hufika kote, na juu ya mto Wami magari hupita daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2022 badala ya lile jembamba la mwaka 1959. Oktoba 2024 niliona picha za mamia ya Land Rover zilizokusanyika Arusha kwa tamasha, nyingi zikiwa za rika langu, zimepakwa rangi zikapendeza. Nilifurahi kama mtoto. Halafu nilimkumbuka bibi amesimama mlangoni na mkono kwenye mwimo.

Anayetaka kununua gari la zamani nampa ushauri, ingawa hakuuomba. Usinunue kwa pua wala kwa kumbukumbu. Lala chini ugonge chasisi. Kisha muulize jirani yako mzee sauti ya gari hilo inamkumbusha nini, na jibu lake lisikilize hadi mwisho.