Uvishaji wa nyonga kwa chuma

Uvishaji wa nyonga ni upasuaji wa kuchonga kichwa cha fupa la paja na kukifunika kwa kofia ya kobalti na kromi, badala ya kukikata chote. Kifaa mashuhuri, cha Birmingham, kilianza kutumika Uingereza mwaka 1997. Kwa mfupa uliokufa kwa kukosa damu, kutokana na dawa za steroidi, pombe au selimundu, uimara wa miaka mingi hutegemea hasa mfupa hai uliobaki: sehemu iliyokufa ikiwa kubwa, kofia hulegea au shingo ya paja huvunjika. Chembechembe za chuma zinazotoka kwenye kifaa nazo huweza kudhuru misuli. Kifaa kingine cha aina hii, ASR, kiliondolewa sokoni mwaka 2010. Wanaofaidika zaidi ni wanaume vijana wenye mifupa mikubwa. Mwaka 2015 mtengenezaji wa kifaa cha Birmingham aliacha kukipendekeza kwa wanawake.