Puto la Indianapolis na Faili la Mzee

Mzee alikuja kwangu Jumamosi asubuhi na bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne. Yeye ni mtu wa Uvira, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Mimi ni mtu wa Tanga. Hapa Indianapolis Kiswahili kimetufanya ndugu, na kazi yangu ya ukalimani mahakamani imenifanya niwe mlango wa kwanza ambao watu hubisha wakiletewa karatasi wasiyoielewa. Alikaa, akakataa chai, akasema kwa Kiswahili cha kwao: "Mama, baliniandika mulevi mara mbili, na balinikamata mara moja tu. Ile ya pili imetoka wapi?"

Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi ya kampuni moja inayouza taarifa za watu kwa waajiri. Mistari miwili, yote ya Julai 2011, yote ya kuendesha gari akiwa amelewa. Kwa mistari hiyo miwili alikuwa amenyimwa kazi ya ghalani, na sasa alikuwa anaandaa maombi ya uraia, ambayo humtaka mwombaji aseme kama amewahi kukamatwa na alete nakala ya uamuzi iliyothibitishwa na mahakama yenyewe. Nilimwambia karatasi ya kampuni si faili. Faili lipo, ni la umma, na tutakwenda kulisoma.

Sentensi hiyo ndogo, kwamba faili ni la umma, ina historia ndefu hapa. Katiba ya Indiana ya mwaka 1851 inaagiza katika ibara yake ya kwanza kwamba mahakama zote ziwe wazi. Mkulima aliyekuwa na shauri kwenye makao ya kaunti aliweza kuingia, kumwendea karani, na kuomba afunguliwe kitabu cha amri aone jaji alichoandika. Karani huyo huchaguliwa kwa kura mpaka leo. Jengo kubwa la mahakama ya Kaunti ya Marion, lililokamilika mwaka 1876, lilibomolewa, na mwaka 1962 likafunguliwa Jengo la Jiji na Kaunti lenye ghorofa 28. Hapo ndipo mimi nilipoanza kazi, nikijifunza lifti ipi inafika ghorofa ipi. Mwaka 2022 mahakama zilihamia kusini-mashariki ya mji, mtaa wa Twin Aire, penye kiwanja kilichokuwa na kiwanda cha kuchoma makaa ya mawe. Mafaili yamehama pamoja na mahakama, lakini haki ya kuyaona imebaki ileile.

Indiana ina kaunti 92 zilizopangwa kwa alfabeti, na Marion ni ya 49. Kwa miaka mingi namba hiyo ilikuwa hata kwenye vibao vya magari, na wazee wa hapa bado humtambua mtu kwa namba ya kaunti yake. Namba ya kila shauri huanza nayo vilevile. Zinafuata herufi na tarakimu za mahakama, kisha mwaka na mwezi, kisha herufi mbili za aina ya shauri, kisha zamu yake. Ukiona 49, halafu 1107, halafu CM, umeshajua: Kaunti ya Marion, Julai 2011, kosa dogo la jinai. Ukiona FD, lilikuwa kosa kubwa la daraja la chini kabla ya mabadiliko ya Julai 2014. Baada ya hapo utaona F6. Huwa ninawafundisha watu wetu kusoma namba hii kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu haitegemei jina.

Majina ndiyo yanayotupoteza. Tovuti ya mahakama za jimbo, MyCase, ni ya bure na inakubali jina na tarehe ya kuzaliwa. Lakini mkimbizi aliyeandikishwa kambini bila cheti mara nyingi amepewa tarehe 1 Januari, yeye na mkewe na jirani zake wote. Jina la baba limewekwa mahali pa jina lake, "w" imegeuka "u", na polisi aliyeandika usiku barabarani ameandika alivyosikia. Mzee wangu tulimtafuta kwa namna nne. Tulimpata kwa ya nne.

Kabla sijafungua faili lake, nieleze jambo ambalo wengi wanaopita katika mahakama hizi hawalijui. Namba ile ya ulevi, ile inayoandikwa kwa nukta na tarakimu mbili na kuamua mtu ataendesha gari au atatembea, ilikulia katika mji huu huu.

Zamani shahidi alikuwa pua ya polisi. Alisema: nilinusa pombe, macho yalikuwa mekundu, alipepesuka. Wakili wa mshtakiwa alisema: mteja wangu amechoka, ana mafua, ana kisukari. Baraza la wazee wa mahakama lilichagua la kuamini, na wengi wao nao walikuwa watu wa kunywa na kuendesha. Rolla Harger, profesa wa biokemia na elimu ya sumu katika Chuo cha Tiba cha Indiana University hapa Indianapolis, alianza mwaka 1931 kutafuta njia nyingine. Alipata hataza ya chombo chake mwaka 1936, akakiita Drunkometer. Usiku wa kuamkia mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 1938, polisi wa Indianapolis walikitia kazini kwa mara ya kwanza.

Kilikuwa kitu cha kushangaza kukitazama. Dereva alipewa puto la mpira, kama la sherehe ya watoto, akaambiwa alijaze pumzi. Puto likafungwa kwenye mrija, na pumzi ile ikapitishwa polepole katika maji ya zambarau: pamanganeti ya potasiamu iliyochanganywa na asidi ya salfa. Pombe ikiwepo, zambarau ilififia mpaka ikaisha. Polisi alipima ni pumzi kiasi gani iliyohitajika kuiua ile rangi, akapima na kabonidayoksaidi ili ajue pumzi ya ndani ya mapafu ilikuwa kiasi gani, kisha akakaa na kalamu kupiga hesabu. Ninamfikiria dereva yule wa kwanza, amesimama usiku wa Desemba na puto mkononi, akitazama zambarau ikififia bila kujua maana yake. Nimeona uso huo mara nyingi kwa watu wa sasa, ingawa chombo kimebadilika.

Mwaka uliofuata, 1939, Bunge la Indiana liliingiza hesabu hiyo katika sheria, na jimbo hili likawa la kwanza Marekani kufanya hivyo. Aliyekutwa na asilimia 0.15 ya pombe katika damu alichukuliwa kuwa amelewa. Aliye chini ya 0.05 alichukuliwa kuwa hakulewa. Aliyekuwa katikati aliachiwa ushahidi mwingine. Kiwango kile kilikuwa cha ukarimu mno kwa mnywaji, na watu walikufa kwa ukarimu huo.

Hesabu ya kalamu ilikuwa na tabu zake. Polisi mmoja wa jimbo, Robert Borkenstein, mzaliwa wa Fort Wayne aliyekuwa fundi wa picha kabla ya kuvaa sare, alifanya kazi na Harger na chombo chake kwa miaka. Mwaka 1954 alitengeneza kingine, Breathalyzer. Mtu alipuliza katika mrija, pumzi ya mwisho ikapita katika kichupa cha maji ya manjano, mwanga ukapita ndani yake, na jicho la umeme likasoma rangi ilivyobadilika. Fundi wa picha alijua mwanga. Puto likaondoka, hesabu ya mkono ikaondoka, na chombo kikaenea Marekani nzima na kuvuka bahari.

Tangu hapo namba imekuwa ikishuka. Mwaka 2000 serikali kuu ya Marekani iliyaambia majimbo kwamba yasiposhuka hadi 0.08 yatapunguziwa fedha za barabara, na Indiana ikashuka mwaka 2001. Utah imefika 0.05 tangu Desemba 2018. Lakini ile 0.15 ya Harger haijafa katika sheria yetu. Mwenye 0.08 ana kosa dogo la daraja C, ambalo kifungo chake hakizidi siku 60; akifika 0.15 linakuwa daraja A, na kifungo kinaweza kufika mwaka mzima. Mstari uliokuwa mlango wa kuingilia mwaka 1939 leo ndio mstari wa adhabu kubwa.

Sitaki msomaji adhani ninawatetea wanaoendesha wakiwa wamelewa. Tarehe 14 Mei 1988, ng'ambo ya Mto Ohio, karibu na Carrollton, Kentucky, dereva aliyekuwa amelewa na kuendesha upande usio wake aligonga basi la kanisa lililokuwa likirudi kutoka matembezi. Walikufa watu 27, 24 kati yao wakiwa bado wadogo, na wengi waliuawa na moto uliofuata. Nimepita barabara ile nikiwa na wanangu nyuma ya gari na sikuweza kuongea. Na waliofanya nchi hii iache kuliona jambo hili kama bahati mbaya walikuwa watu wa kawaida. Candy Lightner alianzisha MADD, chama cha akina mama wanaopinga kuendesha gari kwa ulevi, huko California mwaka 1980 baada ya binti yake Cari kuuawa, mwezi Mei mwaka huohuo, na dereva aliyekuwa amelewa. Wafuasi wa chama hicho waliketi kwenye viti vya nyuma vya mahakama na madaftari, wakaandika kila shauri la ulevi barabarani: lilishtakiwa kama nini, likaishaje, jaji alisema nini. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu mlango ulikuwa wazi na faili halikufichwa. Mlango uleule ndio niliompitisha Mzee wangu.

Kuna neno linalonikera kila siku katika kazi hii. Sheria ya Indiana inaposema mtu alikuwa amelewa, inazungumzia hali ya wakati ule: fikra na matendo yamevurugika, uwezo wa kujimudu umepotea. Kiswahili kinatofautisha vizuri kabisa. Amelewa, hiyo ni hali, kesho imekwisha. Mlevi, hilo ni jina la mtu, linamfuata msibani na harusini, na binti yake anapoposwa watu hulitaja. Mkalimani akiteleza akasema "unashtakiwa kwa kuwa mlevi", amemhukumu mtu mbele ya jaji. Nimewahi kumwona mama mmoja akikana shtaka lililokuwa kweli kwa sababu tu alisikia neno hilo. Alikuwa amekunywa bia kwenye harusi. Mlevi hakuwa, na asingekubali kuitwa hivyo hata kwa kiapo.

Basi tulikwenda masjala siku ya Jumatatu. Mzee alivaa koti. Shauri lake lilikuwa la wakati wa karatasi, na kwenye mtandao palikuwa na mistari michache tu, kwa hiyo tuliomba faili lenyewe pamoja na muhtasari wa mwenendo wa shauri, ile orodha ya tarehe ambayo karani hujaza kila kitu kinapotokea. Karani, dada mpole mwenye miwani shingoni, alituambia tusubiri. Mzee alishika kofia yake kwa mikono miwili muda wote.

Lilikuwa faili jembamba. Hati ya mashtaka ilikuwa na mashtaka mawili katika karatasi moja. La kwanza: kuendesha akiwa amelewa kwa namna ya kuhatarisha watu, daraja A. La pili: kuendesha akiwa na pombe ya 0.08 au zaidi, daraja C. Ndivyo waendesha mashtaka wanavyoandika karibu kila mara, tukio moja kwa njia mbili, ili moja ikishindwa nyingine isimame. Chini yake tiketi ya kipimo: 0.09. Kisha makubaliano ya kukiri kosa, na sahihi ya Mzee, herufi kubwa zilizoandikwa kwa kukandamiza kalamu mpaka karatasi imetoboka kidogo kwenye "Z".

Nilimsomea muhtasari mstari kwa mstari. Shtaka la pili: amekiri, ametiwa hatiani, siku 60 zimesimamishwa, leseni imefungiwa siku 90, faini imelipwa. Shtaka la kwanza: limeondolewa kwa ombi la mwendesha mashtaka.

"Limeondolewa maana yake nini?"

"Maana yake halipo, Mzee. Hukutiwa hatiani kwa hilo. Ile kampuni ilichukua mistari miwili ya mashtaka ikaiuza kama hukumu mbili. Hawakushuka chini kusoma mwisho."

Alinyamaza. Kisha akaniuliza kwa nini hakuambiwa hivyo mwaka ule. Alikuwa ameogopa, akasema, na alitaka tu arudi nyumbani. Kila alichoulizwa alijibu ndiyo.

Nilimweleza pia habari ya sheria ya mwaka 2013, inayomruhusu mwenye kosa dogo kuomba rekodi yake ifichwe baada ya miaka mitano. Ni sheria njema na wengi wetu hawaijui. Lakini nilimtahadharisha kwamba idara ya uhamiaji itataka karatasi hata kama shauri limefichwa, kwa hiyo achukue nakala zilizothibitishwa sasa, tatu, kabla hajaomba chochote. Moja ya uraia, moja ya kampuni ile ili irekebishe kosa lake, moja ya nyumbani.

Karani aligonga muhuri wa kaunti kwenye kila nakala, ule wa chuma unaoacha alama isiyo na wino. Mzee alipitisha kidole juu yake, nakala ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akaniomba nimsomee tena mstari wa shtaka la kwanza. Nikamsomea.